Marehemu Anakunywa Chai

Anayetaka kujua mji huu unaitwaje, na uko upande gani wa bahari, abaki nje na maswali yake. Sisi tuna mtu mlangoni na si adabu kumwacha amesimama.

Mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi, umepakwa rangi ili macho yadhani ni mninga. Nyuma ya milango ya namna hiyo Clement Haddow alijua kuna nini: nyaya, ndoo ya mchanga, fundi wa taa anayepiga miayo, na mwanamke mmoja aliyeshika kikombe cha chai. Aliambiwa afungue, aingie, apige hatua chache, aanguke, afe. Akafungua. Akaingia. Akatafuta kwa jicho la pembeni alama ya chaki sakafuni, pale anapotakiwa kuangukia. Hapakuwa na chaki. Hapakuwa na sakafu. Palikuwa na barabara ya udongo, jua limesimama utosini, na watu wanamtazama. Alingoja mwongozaji aseme lile neno la kusimamisha kazi, kata, ili kila mtu apumue. Hakuna aliyesema kata.

Aligeuka nyuma. Mlango ulikuwapo, ila upande wa huku haukuwa na kitasa.

Huyu Haddow alikuwa Mwingereza wa mji wa mvua, mtoto wa muuza viatu, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kufa. Hakuwa nyota. Nyota wa filamu ndiye anayelipiza kisasi. Haddow ndiye aliyelipiziwa. Alinyongwa akiwa kapteni wa jeshi. Alitiliwa sumu akiwa mtumishi wa nyumba kubwa. Alizama akiwa kasisi. Katika tamthilia za televisheni alipigwa risasi akiwa mpelelezi mwema, tena mapema kabisa, ili watazamaji wapate uchungu wa kuwafikisha mwisho wa hadithi. Waongozaji walikuwa wakisema, nitafutieni Haddow, anajua kufa. Na kweli alijua. Alijua jicho lipi libaki wazi na kidole kipi kilegee mwisho. Kila mtu na riziki yake. Ya Haddow ilikuwa kaburini, naye hakuona aibu kuifuata huko. Akishakufa alikuwa anainuka, anafutwa damu ya sharubati kwa taulo la maji ya moto, anapewa chai. Wenzake walikuwa na tuzo kabatini. Yeye alikuwa na kikombe.

Sasa mtu aliyekufa mara nyingi hivyo na kila mara akainuka, tumwite nani? Tukisema ni hai, tutaeleza vipi kwamba watu wameshamwona akikata roho, na si mara moja? Tukisema ni maiti, chai inakwenda wapi? Haddow mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Aliamini kwamba kufa ni mahali unapokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Hakujua kwamba kuna watu wanaobaki kule baada ya wewe kuondoka, wamekaa chini, wanangoja uzikwe.

Wa kwanza kumtambua alikuwa kinyozi wa kando ya barabara. Wembe ulibaki hewani na mteja akabaki na ndevu za upande mmoja. Mwanamke aliyekuwa anamenya viazi alijifunika uso kwa kanga, akafunua kidogo, akafunika tena. Hakuna aliyekimbia. Mshituko wa kweli haukimbizi mtu, unamkausha pale alipo.

"Shikamoo, Marehemu," alisema kinyozi.

Haddow alitaka kuuliza kama kuna simu karibu. Midomo yake ilisema hivyo hasa, kwa Kiingereza chake cha jukwaani. Lakini kilichosikika, kikichelewa kidogo nyuma ya midomo, kilikuwa sauti nene ya mtu mwingine, kwa lugha ya watu wale, ikisema: "Marahaba, mwanangu. Nimetoka mbali." Alijishika koo. Alifunga mdomo, na sauti ikamalizia sentensi yake peke yake. Hofu aliyoipata hapo hakuwahi kuiigiza, maana hakuwa ameijua.

Mwenye sauti alikuwa amesimama nyuma ya umati, mwembamba, masikio makubwa, kipaza sauti kimening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Jina lake Vuai. Kazi yake ilikuwa kutafsiri mikanda kwenye banda la video la mji, yaani anapunguza sauti ya filamu, anakaa kando ya kioo, kisha anasema yeye kila kitu: mume, mke, polisi na farasi. Kiingereza alikuwa nacho cha kuombea maji tu. Kwa hiyo maneno yote ya mwisho ambayo Haddow aliwahi kuyasema mji huu uliyapata kutoka kichwani kwa Vuai, na nisiwe mchoyo wa sifa, yalikuwa mazuri kuliko ya waandishi.

Vuai alimshika mkono. Alimwambia twende upesi, Mashavu anakungoja. Haddow aliuliza Mashavu ni nani, na sauti ya Vuai ikatoka kinywani mwa Haddow ikiuliza swali hilohilo, na Vuai akalijibu kwa kinywa chake. Watu walifuata nyuma. Hakuna aliyekuwa na kivuli. Jua, alieleza Vuai, halijasogea tangu Mashavu afariki. Maziwa yameganda, watoto wamechoka kuambiwa walale mchana, majogoo wamenyamaza kwa kukosa la kutangaza. Siku haiwezi kwisha kabla hajazikwa, na hawezi kuzikwa kabla mtu wake hajasimama.

Hii ndiyo desturi ya mji, na ni yao peke yao. Kila anayekufa lazima awe na mtu. Kabla maiti haijainuliwa, mmoja husimama mbele ya jeneza na kusema: ana mtu, mimi ni mtu wake. Halafu aseme neno moja la kweli lililo kati yake na aliyekufa. Neno likiwa la kweli, jeneza huinuka. Likiwa la uongo, hata vijana wa shamba wote wakikusanyika halitikisiki. Na maiti asiyesimamiwa na yeyote hufukiwa palepale alipolala, na kesho yake hakuna anayelikumbuka jina lake, hata mama aliyemzaa hubaki na titi linalomuuma bila kujua kwa nini.

Walikuwa wanakwenda huku Vuai anasimulia, na Haddow akawa anaona koti lake linabadilika mwilini. Kona ya kwanza lilikuwa la kapteni, lina vishikizo vya shaba. Mbele kidogo likawa jeusi la mtumishi. Mikono yake ilikuwa ya kijana, ikawa ya mzee, ikarudi ujana. Aliyatazama haya kwa mshangao, lakini alichosikia kilimshangaza zaidi.

Alisikia kwamba mkanda wake wa kwanza ulipofika mjini, ule wa kapteni anayenyongwa mvuani, watu walikaa kimya hadi mwisho wa kunyongwa, wakingoja mtu wake asimame. Kwenye filamu hakusimama yeyote. Farasi wakaanza kukimbizana. Banda zima lilishituka kwa ukatili ule. Mwanamume mmoja aliamuru mashine izimwe, akasema hawezi kutazama farasi na maiti imelala haina mtu. Walikaa gizani muda mrefu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Ndipo msichana mmoja, fundi cherehani wa sare za shule, akainuka kwenye benchi la nyuma. Akasema: ana mtu, mimi ni mtu wake. Nimemwona alivyofunga kishikizo cha shati lake kabla ya kupanda ngazi.

Haddow alisimama katikati ya barabara.

Kishikizo kile hakikuandikwa popote. Mwongozaji hakukiona. Wapiga picha hawakukiona. Magazeti yaliyosifu mvua hayakukiona. Alikuwa kijana, kazi yake ya kwanza, akafikiri kwamba mtu anayekwenda kufa huenda akaona haya shati lake likiwa wazi, basi akakifunga. Alingoja mtu aseme neno. Hakusema mtu, naye akajifunza kutongoja. Sasa anaambiwa kwamba wakati ule alikuwapo mmoja, gizani, asiyemjua, katika mji usio na jina, aliyekiona na akasimama kwa ajili yake. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukapapasa kishikizo. Vuai alidhani ni joto.

Na Mashavu, maana msichana huyo ndiye yeye, hakusimama mara moja tu. Kila mkanda wa Haddow ulipokuja, Mashavu alikwenda na kaniki yake ya msiba ameikunja kwapani, akijua mwisho wake. Alipozama kasisi, alisimama. Alipokufa mtumishi, alisimama akasema amemwona anaweka trei chini kwanza ili vikombe visivunjike. Walikuja wachumba, akawaambia yeye ni mfiwa, wangoje eda iishe. Eda haikuisha. Huyu mtu alikuwa anakufa kila mwaka. Wachumba wakaoa kwingine, wakazeeka, na Mashavu naye akazeeka mbele ya cherehani yake, akimlilia mwanamume aliyekuwa, kwa saa zilezile, anafutwa uso kwa taulo la moto.

Haya ndiyo mawazo yaliyompitia, yamekatikakatika kama yalivyo hapa. Nilikuwa nakunywa chai. Sukari mbili. Kulikuwa na biskuti za tangawizi. Nilisema mzaha kuhusu kamba. Wote walicheka. Nani alikuwa analia? Nani alikuwa analia?

Uwanjani kwa Mashavu wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka. Jeneza lilikuwa katikati, limefunikwa kanga ya rangi, na pembeni yake amesimama Bi Nunu, mwosha maiti wa mji, mikono bado inanuka karafuu na sabuni. Haddow aliomba amwone. Bi Nunu alifunua upande wa uso. Alikuwa mwanamke mzee mwenye paji pana, na nywele mbili tatu zimetoroka chini ya sanda. Haddow alimtazama sana, akitafuta pa kumjua, hakupata. Alikuwa mgeni kabisa kwake. Hilo lilimuuma kuliko kama angemkuta ni mtu aliyewahi kumkosea.

Bi Nunu alimweleza hali ilivyo. Majirani hawawezi kusimama, kwa sababu mtu ana mtu mmoja, na Mashavu maisha yake yote alimtaja mmoja. Vuai alijaribu asubuhi, kama bado tunaweza kuiita asubuhi. Alisimama akasema hajawahi kumdanganya Mashavu. Vijana wakainama, wakavuta, mishipa ikawatoka shingoni. Jeneza lilikaa kama limeota mizizi.

Hapo Vuai alimvuta Haddow nyuma ya ukuta wa jiko. Alikiri kwamba kila mkanda ukiisha Mashavu alikuwa anabaki na kumuuliza, hivi huyu amekufa kweli? Na yeye, aliyekuwa anajua tangu mwanzo kwamba filamu ni maigizo, alijibu, amekufa. Mwanzoni ni kwa sababu banda lilikuwa linajaa. Baadaye ni kwa sababu angefanyaje tena? Angemwambia miaka yote ile ameililia damu ya sharubati?

"Usiseme ukweli wako hapa," alinong'ona Vuai. "Ukiwaambia hukufa, umemuua mara ya pili. Wewe fungua mdomo tu. Nitasema mimi. Nitasema ulikuwa unamwona kutoka ahera. Nitasema ulikuwa unahesabu machozi yake. Mimi ndiye niliyekufanya mtu hapa, Marehemu. Niachie na hili."

Na Haddow, nisimfiche, alitamani kumwachia. Maisha yake yote alikuwa amesema maneno ya wengine, na waliomwandikia walimlipa heshima kwa kuyasema vizuri. Hakujua mtu anaanzia wapi kusema lake. Hata mama yake alipozikwa hakwenda. Siku ile alikuwa anakufa ndani ya theluji ya pamba, na upigaji picha usingeweza kuahirishwa. Alituma maua na kadi, na maneno ya kwenye kadi aliyachagua muuza maua. Aliona kwamba hiyo ndiyo mizani ya maisha yake: amekufa mbele ya dunia nzima na hajamlilia mtu hata mmoja. Aliona aibu kubwa, na nyuma ya aibu akaona hofu, kwa sababu uongo usingeliinua jeneza, na ukweli ungemwacha Mashavu na nini?

Alirudi uwanjani. Akasimama mbele ya jeneza. Akafungua mdomo, na kwa mazoea sauti ya Vuai ikamtangulia, tamu, nene, ikianza habari za ahera. Vijana wanne waliinama wakashika miti ya jeneza. Halikutikisika. Mmoja aliteguka mkono akakaa chini.

Bi Nunu alimgeukia Vuai, akamwambia atoe ile kamba shingoni. Vuai aliangalia huku na huku. Akaitoa. Kipaza sauti alikiweka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Haddow akafungua mdomo tena. Safari hii hakikutoka kitu. Hakuwa na wa kumkumbusha mstari. Halafu ikatoka sauti ndogo, yenye kukwaruza, ya mzee wa mji wa mvua. Ilisema maneno yao, vibaya, lakini yalieleweka.

"Mimi sikufa," alisema. "Hata mara moja."

Mwanamke mmoja alitoa mguno kama aliyepigwa tumboni. Kinyozi alikaa chini. Mzee aliyeamuru mashine izimwe miaka ile alimtazama Haddow, akatazama jeneza, mdomo umefunguka.

"Mlipokuwa mnakaa tanga, nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nakunywa chai. Huyu alikuwa analia na mimi naulizia biskuti. Sikujua kama yupo. Mama yangu amezikwa sikuwapo. Sijamlilia mtu maishani mwangu." Koti lake lilikuwa limeacha kubadilika. Sasa lilikuwa sweta yake ya nyumbani, ya sufu, imetoboka kiwiko. "Lakini kile kishikizo hakuna aliyenituma nikifunge. Nilikifunga mimi. Ni kitu kimoja tu nilichowahi kufanya pale ambacho ni changu, na aliyekiona ni yeye. Nilikuwa nadhani hakuna aliyekiona. Ana mtu. Nimechelewa, lakini ana mtu. Mimi ni mtu wake."

Kutoka kwenye mikeka sauti moja ya kike, kavu, iliuliza, sasa miaka yote ile walikuwa wanamlilia nani, na nani atawarudishia machozi yao.

"Machozi hayarudishwi," alisema Bi Nunu. "Aliyelia amelia, na alimlilia mtu. Mwosha huoshwa, na mliliwa naye hufika siku yake ya kulia. Shika hapo mbele, baba. Tuone."

Haddow alikwenda mbele. Alikuwa amebeba majeneza mengi katika kazi yake, na alijua namna ya kukunja uso ili lionekane zito, kwa sababu jeneza la filamu huwa tupu. Aliinama. Alishika mti. Hakukunja uso. Jeneza likainuka, na uzito wake ukamwingia begani, wa kweli, wa mwanamke mzima aliyeishi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtu ana uzito kiasi hiki. Alipiga kite. Hapo ndipo alipolia. Hakulia vizuri. Alilia kwa kamasi, mdomo umekwenda upande, kilio ambacho mwongozaji yeyote angekikataa na kuamuru kirudiwe. Vivuli vilianza kutoka miguuni mwa watu, vikarefuka barabarani, na kutoka nyuma ya nyumba jogoo mmoja akawika, amechanganyikiwa.

Walimzika jioni, kwa kuwa sasa jioni ilikuwapo.

Vuai hakuingia makaburini. Alibaki nje ya ua wa michongoma na midomo yake inatembea bila sauti, na sijui alikuwa anasema maneno ya nani. Waliporudi, wanawake walitoa birika kubwa. Bi Nunu alimimina chai kwenye kikombe cha bati, akamletea Haddow pale mkekani. Alipokiona, mkono wake ulirudi nyuma. Bi Nunu hakukiondoa. Alimwambia anywe, wafiwa hunywa, kesho kuna tanga na keshokutwa kuna tanga.

Akakipokea. Akanywa. Ilikuwa na mchaichai, na ilimuunguza ulimi. Alisikiliza kama kutakuwa na yeyote, mahali popote, atakayesema kata. Kinyozi alikuja akachuchumaa mbele yake. Hakumwita tena lile jina la zamani.

"Mfiwa," alisema, "pole."

Haddow alitaka kujibu kama wanavyojibu watu wa pale, kwamba ameshapoa. Alifungua mdomo, akaona huo ungekuwa uongo, akaufunga.